Namkunda, Ambaye Hakutokea

Mwenye haraka atangulie tu, sisi wengine tukae. Hii ni habari ya Niwaeli, mkulima wa tangawizi kutoka milima ya Upare, na nchi moja inayoitwa Mapokezi, ambako meno utayaona mengi lakini salamu utaitafuta.

Alifikaje huko? Alifika. Miguu ilimuuma, basi. Cha kusikiliza ni kilichompeleka.

Niwaeli alikuwa na dada yake, Namkunda, kifungua mimba wa nyumba yao. Baba alipofariki, Namkunda ndiye aliyebaki ameshika nyumba, na nyumba yenyewe ilikuwa kando ya njia ya mnadani, kwa hiyo kila mwenye kiu aliingia, kila mwenye mvua mgongoni aliingia. Mtu hajamaliza kusema hodi, Namkunda kashasogeza kigoda na kikombe cha uji kinafuka. Alipokea watu miaka ishirini. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa mgeni popote, hata harusini alikuwa jikoni.

Alipotimiza arobaini akasema, "Na mimi nataka siku moja niingie mahali, mtu anyanyuke, aniambie karibu." Akapata karatasi ya matangazo ya Mapokezi, yenye picha ya bahari na watu wanaocheka. Siku Tatu, Usiku Mbili. Akaweka nafasi, akafunga begi, akaondoka.

Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita.

Mama yao aliuliza kila siku, "Namkunda anarudi lini?" Akauliza hivyo miaka minane. Mwaka wa tisa akaacha. Jioni moja alimgeukia Niwaeli akamuuliza taratibu, kama mtu anayetafuta sindano, "Hivi mimi niliwahi kuzaa mtoto wa kike?"

Kesho yake Niwaeli akaondoka.

*

Mpakani pa Mapokezi hakuna askari. Kuna kaunta, ndefu kama uwanja wa mpira, imeng'arishwa mpaka unajiona ulivyochoka. Nyuma ya kaunta alisimama mwongozaji wake, bwana mmoja mwenye tabasamu lililonyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Jina lake Kifurushi.

"Siku Tatu, Usiku Mbili, huduma zote ndani," alisoma. "Chumba unaachia saa nne kamili asubuhi ya siku ya tatu. Ikipita saa nne wewe siyo mgeni tena, wewe ni Aliyezidi, na Waliozidi tunawahifadhi stoo. Mko wangapi?"

"Peke yangu."

Tabasamu likapata mkunjo. "Peke yako peke yako?"

"Kuna namna nyingine?"

Nchi ya Mapokezi kila kitu kinahesabiwa kwa wawili wawili. Kitanda cha wawili, meza ya wawili, hata mwavuli wa wawili. Mtu anayefika peke yake anawaharibia hesabu, kwa hiyo kuna sheria inaitwa Nyongeza ya Mpweke. Kifurushi alimletea kiti cha mbao akamfunga nacho mgongoni kwa mikanda.

"Huyu ndiye mwenzio," alisema. "Mezani unamkalisha mbele yako. Mnapewa sahani mbili, unamaliza zote. Ukipigwa picha unasogea pembeni umwachie nafasi."

"Nikimsahau mahali?"

"Tutaandika umemtelekeza."

Niwaeli alifikiri anataniwa, maana kwao utani ni kitu cha kawaida. Akacheka. Kifurushi hakucheka, alimkumbusha kwamba ratiba ya kucheka ni saa kumi na moja, kando ya bwawa.

Chumba chake kiliitwa Mandhari ya Bahari. Alivuta pazia, akakuta ukuta. Ukuta mtupu, wa kijivu, karibu kiasi cha kuugusa kwa pua.

"Bwana Kifurushi, huu ni ukuta."

Mwongozaji akatoa ile karatasi ya matangazo mfukoni, akaifunua bila haraka. "Karatasi inasema bahari. Ukuta haujasema kitu." Akateremsha sauti. "Nikushauri kaka yangu. Wiki iliyopita mgeni wa chumba cha pili alisema ukuta. Tulimvalisha kaptula ya kuogelea, tukamwacha auelekee mpaka alipokubali kwamba maji ni ya baridi."

Niwaeli akautazama ukuta vizuri. "Mawimbi ni madogo leo," alisema.

"Ni ya msimu," alijibu Kifurushi, ameridhika.

Msimu huko ni jambo zito kuliko dini. Ukiwa msimu wa juu watu wanakumbatiana, wanaitana "mpendwa", wanasindikizana mpaka msalani. Ukija msimu wa chini kila kitu kinafungwa kwa matengenezo, pamoja na mapenzi. Kifurushi alimweleza hayo wakitembea, kwa sauti ileile aliyotumia kuonyesha bwawa.

"Msimu wa chini mke wangu anahamia kwa mama yake. Watoto wananiita 'bwana'. Mwezi wa nne tunafungua tena, tunavua maturubai, tunapendana."

"Na hiyo miezi katikati, huumii?"

Kifurushi alisimama akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Sijui. Kuumia hakumo kwenye kifurushi changu."

Saa tisa alipelekwa kumwona Kivutio Namba Saba. Alikuwa mwanaume wa makamo, amekaa kando ya kaburi lililozungushiwa kamba, analia. Analia kweli, mabega yanatikisika, na wageni kama thelathini wanapiga picha wakiambiana, "Angalia, angalia, halisi kabisa." Kengele ikalia. Mwanaume akapangusa uso, akakunja leso, akatoa karanga.

Niwaeli alimsogelea. "Pole sana. Nani amelala hapa?"

"Mke wangu." Akamkaribisha karanga. "Siku ya kwanza nilikuja kulia tu, kama mtu. Wakapita wageni, wakapenda. Sasa nalia saa nne na saa tisa, Jumapili mara tatu."

"Unaweza vipi kila siku?"

"Mwanzo nilikuwa namkumbuka. Sasa nakumbuka siku ile nilivyokuwa namkumbuka." Akatafuna. "Sura imeshanitoka, ndugu yangu. Usimwambie mwongozaji."

Niwaeli alibeba kiti chake akaondoka pale. Njia nzima hakuna aliyemsalimia, ingawa wote walitabasamu. Alikula chakula cha jioni mapema kwenye bafe, sahani mbili, mbele ya kiti. Alijikuta anakisogezea chumvi.

*

Alipotoka kula, jua likiwa bado halijazama, alipita tena penye kaunta kuu. Na pale, mwisho kabisa wa kaunta, alisimama mwanamke na begi la kitambaa miguuni, mkono mmoja juu ya kaunta, amenyooka kama mtu ambaye zamu yake ndiyo inafuata. Nywele zimekuwa nyeupe mbele. Lakini ule mkao, wa mtu aliye tayari kunyanyuka kabla hajakaa, Niwaeli angeutambua gizani.

"Dada Namkunda!"

Mwanamke aligeuka polepole, akatazama nyuma yake kwanza, aone anaitwa nani.

"Niwa?" alisema. Halafu, kabla hata ya kulia, "Mbona umebeba fenicha?"

Walikumbatiana pale mpaka mkanda mmoja wa kiti ukakatika. Watu walipita pembeni wakitabasamu. Kifurushi alitokea na daftari, akaandika kwa sauti: "Mgeni anazungumza na kiti chake. Vizuri sana. Wengi huchukua siku mbili kuzoea."

"Siyo kiti! Huyu ni dada yangu, humwoni?"

Kifurushi alitazama palepale alipokuwa Namkunda, macho yakampita kama yanavyopita kioo. "Hapo hapana mtu, mpendwa. Hapo pana Hakutokea."

Akaondoka. Namkunda akaketi juu ya begi lake, akamweleza kaka yake yote, kwa utulivu wa mtu aliyeyasema peke yake mara nyingi.

Nafasi yake ilikuwa ya Jumanne. Njiani mama mmoja asiyemjua alikuwa na mtoto mgonjwa, akamshikia mtoto mpaka dispensari, wakalala huko benchini. Akafika Mapokezi Jumatano asubuhi. Jumanne jioni Mtunza Orodha alikuwa ameshaandika mbele ya jina lake: Hakutokea. Na sheria ya nchi ile ni hiyo moja ambayo haijawahi kubadilishwa. Aliyeandikwa Hakutokea hajatokea, hata akisimama mbele yako anakohoa.

"Nikasema labda kesho watarekebisha," alisema. "Nikasimama. Nala kwenye bafe wakishaondoka. Nalala kwenye kochi la wageni wa kupita. Wapo wengine pale wanapita mwaka wa kumi na tano. Kuna bibi mmoja kati yao, akichoka namnyanyulia begi. Anashukuru upepo."

"Miaka tisa, dada."

"Foleni ndefu," alisema, akacheka kidogo, peke yake.

Niwaeli akamshika mkono. "Basi twende. Sasa hivi. Kama hawakuoni, nani atakuzuia?"

"Hakuna. Nimeshatoka mara tatu mpaka kwenye jiwe la mpaka. Ya tatu mvua ilikuwa inanyesha." Akavuta mkono wake. "Nikarudi. Niwa, mtu anaagaje nyumba ambayo hajakaribishwa? Nirudi nyumbani nikawaambie nini, nilikuwa wapi? Sikuwa popote. Nikiondoka hivi, basi orodha yao imesema kweli."

"Mama ameanza kuuliza kama aliwahi kuwa na binti."

Hilo lilimfika. Niwaeli aliona limemfika, na akaona pia halikumnyanyua. Namkunda aliweka tena mkono juu ya kaunta.

"Ndiyo maana nataka niwe nimefika," alisema. "Hata mara moja tu."

*

Siku ya pili Niwaeli alikwenda barazani, kiti mgongoni. Mwenyekiti alikuwa Bibi Msimu, mwanamke mkubwa mwenye feni mbili, ya joto na ya baridi. Kulia kwake alikaa Mtunza Orodha, mwembamba, kikombe cha chai mkono wa kushoto, kitabu mkono wa kulia. Wajumbe walijaa pande zote na wote walikuwa wameweka nafasi ya kuongea tangu mwaka juzi.

"Mlalamikaji anamwombea nani?" Bibi Msimu aliuliza.

"Dada yangu, Namkunda. Amefika tangu miaka tisa iliyopita, aandikwe amefika."

"Hakutokea," alisema Mtunza Orodha bila kuinua kichwa.

"Kama hakutokea," mjumbe mmoja aliuliza, "anayetaka kuandikwa ni nani?"

"Ni yuleyule ambaye hakutokea."

"Basi na ombi lake halikutokea."

Wajumbe wakapiga makofi. Mwingine akapendekeza aingizwe kwenye orodha ya kusubiri. Wakajadili saa nzima, ikaonekana orodha ya kusubiri ni ya wasio na nafasi, na huyu nafasi anayo, ila hayumo ndani yake. Mjumbe wa tatu akashauri safari yake iahirishwe. Akaulizwa, utaahirishaje isiyokuwepo? Akasema atalifikiria msimu ujao, akalala.

Mtunza Orodha ndipo akazungumza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na woga wa kweli. "Waheshimiwa, orodha haikosei. Siku orodha ikikosea, nani kati yetu atajua kama yeye mwenyewe yupo?"

Wajumbe kadhaa walijipapasa vifuani.

Niwaeli alisimama. Hakujua kusema mbele ya watu, lakini alikuwa na hasira ya siku mbili. "Kwetu mtu akichelewa, anapiga hodi usiku, mvua inamchuruzika, tunamwambia umechelewa, mjinga wewe, kaa ule. Tunamkemea akiwa ameshashika sahani. Hatumwulizi kwanza kama yupo. Kasema hodi, unajibu karibu, mambo mengine baadaye. Hicho tu ndicho anachotaka dada yangu. Neno moja! Mnalo au hamnalo?"

Baraza zima liliinama mbele kusikiliza. Bibi Msimu alizima feni zote mbili.

"Hiyo," alisema, "ni desturi?"

"Ni adabu."

"Halisi?"

"Sijakuelewa, mama."

"Wageni wangependa sana," alisema Bibi Msimu, na wajumbe wakaitikia, wangependa, wangependa. "Kivutio Namba Kumi na Mbili. Kesho saa tatu na nusu, kabla ya kuachia chumba. Utapiga hiyo hodi mbele ya wageni. Wakifurahi, ombi lako tutalitazama."

Niwaeli alimkumbuka yule bwana wa karanga. Lakini alikumbuka pia mama yake, akiuliza kama mtu anayetafuta sindano. Akakubali.

*

Asubuhi ya siku ya tatu walisimamisha mlango katikati ya bustani. Mlango tu, na fremu yake, hakuna nyumba. Wageni walikuwa wengi kuliko wa kaburini. Namkunda alisimama nyuma yao na begi lake, pale ambapo siku zote kulikuwa na nafasi, kwa kuwa kila mtu aliyemkaribia alisogea bila kujua kwa nini.

"Nani atajibu?" Niwaeli aliuliza.

"Hakuna," alisema Kifurushi. "Tumeweka hodi tu. Karibu ni kifurushi kingine."

Niwaeli alisimama mbele ya mlango. Nyuma ya mlango aliona majani na mwanga. Alijisikia mjinga, halafu alijisikia mpweke kuliko siku zote tatu, kuliko bafe, kuliko ukuta. Akagonga.

"Hodi."

Kamera zikalia kama mvua ya mawe.

"Hodi hapa!"

"Tena," alinong'ona Kifurushi. "Ukiwa na huzuni zaidi."

"Hodi jamani!" Na safari hii sauti ilimvunjika bila kuombwa.

"Karibu!"

Ilitoka nyuma ya umati, nzito, ya haraka, sauti ya mtu aliyeitikia miaka ishirini mikono ikiwa kwenye unga. "Karibu baba, karibu, pita ndani, usisimame hapo!" Namkunda mwenyewe alikuwa amejiziba mdomo. Hakuwa amekusudia. Mtu akipiga hodi mara tatu hajajibiwa, yeye hawezi, basi.

Wageni waligeuka. Wengine walikuwa wanalia, bila ratiba. "Nani huyo? Huyo aliyejibu ni nani? Jina lake halimo kwenye programu!" Wakamzunguka Bibi Msimu wakitaka kujua.

Bibi Msimu alibadilika rangi. Nchi ile kilichomfurahisha mgeni lazima kiwe kwenye orodha. Na kilichomo kwenye orodha lazima kiwe kimefika. "Mwandike," alimwambia Mtunza Orodha kwa meno yaliyofungwa. "Mwandike upesi, na umalizane naye."

Mtunza Orodha akafungua kitabu juu ya goti, chai mkono wa kushoto, akafuta neno moja kwa kidole kilicholoa mate, akasoma kwa pumzi moja: "Namkunda binti Sefania karibu Mapokezi siku tatu usiku mbili muda wako uliisha miaka tisa iliyopita asante kwa kututembelea kwaheri." Akapuliza chai.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano.

Kifurushi aliwasindikiza mpaka kwenye jiwe la mpaka, wote wawili, akimwona Namkunda sasa na kumtabasamia kama amemjua utotoni. Alikipokea kiti, akakiuliza kama kimefurahia safari, akasubiri kidogo. Halafu akarudi.

Ndugu wawili wakashika njia. Walitembea muda mrefu. Namkunda hakutaka kusaidiwa begi. Mara alicheka, mara alipangusa macho kwa kiganja, na kila baada ya hatua chache midomo yake ilikuwa inarudia kitu.

"Alisema karibu," alisema mwishowe.

"Alisema."

"Na jina langu. Na la baba."

"Yote, dada."

"Wewe ulikuwa karibu naye. Mimi nilikuwa nyuma ya watu, na haya machozi, sikuona vizuri." Alisimama njiani. "Niwa. Wakati anasema, aliniangalia?"

Niwaeli alimtazama dada yake, nywele nyeupe, mkono uliozoea kaunta.

"Alikuangalia," alisema. "Aliweka na kikombe chini."

Namkunda aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeshiba. Kisha akahamishia begi bega la pili, akatangulia mbele.